Programu ya kiwanda ichaguliwe kuanzia kwenye mizani

KAUNTI ya Kakamega ni mojawapo ya ngome za kilimo cha miwa nchini Kenya. Desemba 2021, kundi la kampuni la Sarrai kutoka Uganda lilichaguliwa kukodisha kiwanda cha Mumias kwa miaka 20, hatua iliyozua kesi mahakamani. Tukio hilo linadhihirisha kwamba kampuni inayomiliki au kuendesha viwanda katika zaidi ya nchi moja si jambo la Ulaya na Marekani pekee. Kampuni kama hiyo huhitaji programu ya kuendeshea shughuli zake.

Programu hizi, mathalani SAP, Oracle na Microsoft Dynamics, huuzwa zikiwa tayari zimeundwa. Huunganisha uhasibu, ununuzi, maghala, uzalishaji na mishahara katika mfumo mmoja. Ni rahisi kuvutiwa na jina kubwa, lakini uchaguzi bora huanzia kwenye kazi yenyewe.

Kwanza, kampuni iorodheshe mahitaji yake kabla ya kuwaalika wauzaji. Kiwanda cha sukari hununua malighafi kutoka kwa maelfu ya wakulima wadogo. Kila shehena hupimwa, kisha gharama za kulimiwa shamba, mbegu, mbolea, ukataji na usafirishaji hukatwa kabla ya mkulima kulipwa salio. Programu iliyokusudiwa kiwanda chenye wauzaji wachache huenda isiimudu hesabu hii. Ikikosea, anayeumia ni mkulima aliyengoja zaidi ya mwaka mmoja miwa yake ikomae.

Pili, itenganishwe mikondo inayopaswa kufanana kote na ile isiyoweza kufanana. Orodha ya akaunti na taarifa za fedha zafaa kuwa za namna moja. Ushuru hauwezi. Ushuru wa thamani, yaani VAT, ni asilimia 16 nchini Kenya na asilimia 18 nchini Uganda. Aidha, ankara za Kenya hupitia mfumo wa eTIMS wa KRA, ilhali za Uganda hupitia EFRIS.

Tatu, kila muuzaji aonyeshe programu yake kwa kutumia data ya kiwanda, wala si mifano aliyoitayarisha mwenyewe. Apewe shehena ya miwa, aifuatilie tangu kwenye mizani hadi kwenye malipo.

Nne, ihesabiwe gharama ya miaka kadhaa: leseni, mafunzo, matengenezo na marekebisho. Kila sehemu inayobadilishwa kwa ajili ya kampuni moja huweza kuleta gharama mpya toleo jingine litokapo.

Tano, wakati wa kuanza uteuliwe kwa busara. Mwaka wa 1999, Hershey, kampuni ya Marekani inayotengeneza chokoleti, ilianza kutumia mfumo mpya mwezi Julai, msimu wa oda nyingi ukikaribia. Oda za takriban dola milioni 100 hazikutimizwa, ingawa bidhaa zilikuwamo maghalani. Kwa kiwanda cha miwa, wakati mwafaka ni kinapofungwa kwa ukarabati.

Hatimaye, kamati ya uteuzi isiwe ya wakurugenzi na wataalamu wa tarakilishi pekee. Karani wa mizani na mwakilishi wa wakulima nao waketi mezani, kwa maana wao ndio watakaoligundua kosa la kwanza.