Vikombe Vilivyobaki Kabatini

Ndugu zangu tuliowahi kuvaa jezi za raga za shule yetu hatukulipwa hata senti, kwa hiyo jambo hili laweza kuonekana la mbali. Raga ya kumi na watano iliruhusu malipo mwaka 1995. Mwaka 1999 klabu kubwa za Uingereza zikaweka kikomo cha mishahara, kusudi tajiri mmoja asikusanye wachezaji wote hodari na kuwaachia wenzake makombo. Nauliza: akivunja sheria hiyo, aadhibiwe nani?

Kule Australia, kwenye raga ya kumi na watatu, hawakusita. Mwaka 2002 Bulldogs wa Sydney walikuwa wakiongoza ligi. Wakanyang'anywa pointi 37, wakaporomoka hadi mkiani. Mwaka 2010 ikagunduliwa kwamba Melbourne Storm waliweka vitabu viwili vya hesabu. (Sisi watumishi wa serikali twaijua harufu ya vitabu viwili.) Walivuliwa ubingwa wa 2007 na 2009, na msimu ule wakaumaliza wakicheza bila kuhesabiwa pointi, wakiwamo vijana ambao hawakupata kuyaona mahesabu hayo.

Hapo ndipo moyo wangu unaposita. Bwenini mwetu mtu aliiba sukari, nami nikafyeka nyasi Jumamosi tatu kwa sukari ambayo sikuionja.

Hata hivyo, tazameni Saracens wa London. Novemba 2019 walipatikana na hatia ya misimu mitatu: faini ya zaidi ya paundi milioni 5 na kupunguziwa pointi 35. Miongoni mwa mambo yasiyotajwa kwa wasimamizi ni biashara ambazo mwenye klabu alishirikiana na wachezaji. Januari 2020, kwa kuwa hawakuweza kurudi chini ya kikomo, ikaamuliwa washushwe daraja. Ni adhabu kali, lakini ubingwa wa 2018 na 2019 hawakunyang'anywa. Fainali zote mbili waliwashinda Exeter, na ya pili kwa 37 kwa 34 tu! Kwa maoni yangu hapo haki ilipinda: waliodhulumiwa ni Exeter, nao hawakurudishiwa kitu.

Mwaka huohuo wa 2020 Lord Myners, aliyepewa kazi ya kuchunguza kanuni hizo, alipendekeza klabu yenye hatia iweze kuvuliwa ubingwa. Pendekezo lilikuja baada ya tendo. Saracens walirejea ligi kuu mwaka 2021, na 2023 wakatwaa ubingwa tena.