Nyiragongo ndani ya vitabu: Haroun Tazieff na ziwa la moto

Wakaaji wa Goma wanaujua ule mwangaza mwekundu ambao huonekana usiku juu ya Nyiragongo. Lakini ni nini kinawaka mule ndani? Kuko vitabu vinavyoeleza, na mwandishi anayejulikana zaidi ni Haroun Tazieff.

Tazieff ni nani?

Alizaliwa Warsaw mwaka 1914, akafariki 1998. Mwaka 1948 alikuwa anafanya kazi ya jiolojia huku Congo, wakati wa ukoloni wa Wabeljiji. Mwaka ule alifuatilia mlipuko kando ya Nyamulagira, kisha akapanda Nyiragongo na kuona kwa macho yake ziwa la lava ndani ya kreta. Mambo hayo aliyaandika ndani ya «Cratères en feu», kitabu cha mwaka 1951. Mwaka 1975 akatoa kingine, «Nyiragongo ou le volcan interdit», maana yake volkano iliyokatazwa, juu wakubwa wa mbuga walimzuia miaka mingi asirudi kule. Vitabu hivi si vya maprofesa tu; kila msomaji wa Kifaransa anaweza kuvifuata.

Kile kilichokuja nyuma ya kitabu

Tarehe 10 Januari 1977, miaka miwili tu nyuma ya kitabu cha pili, ziwa lile lilikauka kwa muda usiofika saa moja. Lava haikumwagika kutoka juu kama maji ya sufuria. Ilipasua mbavu za mlima na kutokea kwenye nyufa. Lava ya Nyiragongo ni nyepesi sana, inakimbia kuliko ya volkano nyingi, na watu vijijini hawakupata muda wa kutoroka.

Tarehe 17 Januari 2002 nyufa zilishuka mpaka karibu na mji. Lava ikapita katikati ya Goma na kuingia Ziwa Kivu. Tarehe 22 Mei 2021 nyufa zikafunguka tena, na lava ikasimama pembeni ya mji.

Somo ni gani?

Mwangaza mwekundu peke yake hautoshi kujua hatari. Unaweza kuwaka miaka bila madhara, na ukizimika si kusema kama mlima umelala. Ndiyo maana Observatoire ya volkano ya Goma (OVG) inafuata pia mitetemeko ya ardhi na gazi.

Hata siku mlima umetulia, mazuku inaua. Ni gazi karboniki, nzito kuliko hewa, ambayo inajikusanya kwenye mabonde na mashimo. Haionekani na macho. Watoto na mifugo, kwa sababu ya ufupi wao, ndio wanapatwa mbele.

Kitabu cha 1975 hakiwezi kutoa alerte ya leo. Hiyo ni kazi ya OVG na viongozi. Lakini mwalimu mwenye kukisoma na kukieleza kwa Kiswahili atasaidia wanafunzi wajue mlima wanaoishi chini yake.