Mikataba ya Miaka Kumi na Deni la Ujana

Katika besiboli ya Marekani hapana jambo linalozua mabishano marefu kama desturi ya klabu kumfunga mchezaji mashuhuri, aliyekwisha kupita hirimu ya ubarubaru, kwa mkataba wa miaka kumi na mamia ya mamilioni ya dola, ilhali kila mwenye kuujua mchezo anafahamu kwamba nguvu za mkono na wepesi wa jicho aghalabu huanza kupungua kabla nusu ya miaka hiyo haijatimia. Wenye kuilaumu desturi hiyo huiita israfu, na wenye kuitetea husema kwamba jina kubwa huvuta watu uwanjani. Naona kwamba pande zote mbili hulifungua daftari katikati, kwa kuwa ujira wa mchezaji mkongwe haueleweki mpaka ijulikane kwanza ujana wake ulikuwa milki ya nani.

Mwaka 1879 wenye klabu wa National League walipatana kwamba kila mmoja wao awe na haki ya kuwazuia wachezaji watano, ambao mwenziwe hataruhusiwa kuwaajiri, na haukupita muda mrefu kabla sharti hilo halijaenea na kuwafunga wachezaji wote. Mtu aliyetia sahihi mkataba wa mwaka mmoja alijikuta amefungwa umri wake wote wa kuchezea, maana mwaka ulipokwisha klabu iliweza kuufanya upya mkataba ule ule, na akikataa hakuwa na mlango mwingine wa kubisha. Katika zama hizo mchezaji akizeeka, malipo yake hukatwa. Babe Ruth, aliyelipwa na New York Yankees dola 80,000 mwaka 1930, alishushwa hadi 75,000 mwaka 1932, hadi 52,000 mwaka 1933, na hadi 35,000 mwaka 1934, kisha akaachwa aende Boston, naye ana miaka 40. Ni kweli kwamba miaka ile ilikuwa ya dhiki kuu ya uchumi. Walakini huyu ndiye mtu aliyeujaza uwanja wa Yankees kuliko mwingine yeyote, na kama yeye alitendewa hivyo, hali ya wachezaji wa kawaida haihitaji kuelezwa.

Aliyeinuka kulipinga jambo hilo kwa gharama ya riziki yake ni Curt Flood, ambaye klabu ya St. Louis, baada ya kumtumia kwa misimu 12, ilimbadilisha kwa wachezaji wa Philadelphia mwezi wa Oktoba 1969 pasipo kumtaka shauri. Tarehe 24 Desemba mwaka huo alimwandikia mkuu wa besiboli, Bowie Kuhn, kwamba yeye si mali ya kununuliwa na kuuzwa bila ridhaa yake. Na maneno hayo, yakitoka kwa mtu mweusi wa Marekani, yalikuwa na uzito ambao kila msomaji aliuelewa. Akashtaki, lakini Mahakama Kuu ya nchi ilimkatalia mwaka 1972, majaji watano dhidi ya watatu, naye enzi yake ya kucheza ikawa imekwisha. Ushindi ulipatikana kwa njia nyingine tarehe 23 Desemba 1975, pale msuluhishi Peter Seitz, katika shauri la watupaji Andy Messersmith na Dave McNally, alipohukumu kwamba mkataba ungeweza kuongezwa mwaka mmoja tu, na baada ya hapo mchezaji ni huru. Wenye klabu walimwondoa Seitz kazini papo hapo, lakini hukumu haikuondoka naye.

Hapa ndipo penye kiini cha habari. Charles Finley, mwenye klabu ya Oakland, aliwashauri wenzake wawaache wachezaji wote huru kila mwaka, ili soko lifurike na bei ishuke. Marvin Miller, kiongozi wa chama cha wachezaji, alikiri baadaye kwamba hilo ndilo shauri alilolihofu kuliko yote. Wenye klabu hawakumsikiliza Finley. Katika mapatano ya mwaka 1976 walishikilia kwamba mchezaji asiwe huru mpaka atimize miaka sita ya utumishi, na Miller akaafiki kwa moyo mkunjufu, kwa kuwa alijua kwamba wachezaji wakiwa wachache sokoni bei itapanda. Basi tangu siku hiyo mchezaji hupata uhuru aghalabu akikaribia miaka 30, ilhali Bill James, mwanahesabu wa mchezo huu, alionyesha mwaka 1982 kwamba kilele cha uwezo wa mpigaji huwa kwenye miaka 27 au karibu yake. Kwa maneno mengine, soko hufunguliwa baada ya mavuno.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni Albert Pujols. Mwaka 2001, akiwa kijana wa miaka 21, St. Louis ilimlipa dola 200,000, naye akapiga mipigo 37 ya kuvusha mpira nje ya ukuta wa uwanja. Mkataba wake wa mwaka 2004, dola milioni 100 kwa miaka saba, ulionekana mkubwa siku ile, na leo hakuna asiyejua kwamba ulikuwa mdogo kuliko kazi iliyofanywa: katika misimu 11 aliipa klabu hiyo mipigo 445 ya namna hiyo, tuzo tatu za mchezaji bora wa ligi, na ubingwa wa World Series mara mbili. Desemba 2011, akikaribia kutimiza miaka 32, Angels wa Los Angeles wakampa dola milioni 240 kwa miaka kumi. Katika muda huo Angels waliingia hatua ya mtoano mara moja tu, mwaka 2014, wakafungwa michezo yote mitatu. Na Mei 2021, mkataba haujaisha, wakamwachilia. Aliyekunywa madafu ni mmoja, na aliyeununua mnazi ulipokaribia kukoma kuzaa ni mwingine.

Je, mkataba ule ulikuwa na thamani? Ukiupima kama ujira wa kazi ya miaka ile kumi, Angels walipata hasara, na hapana ufasaha utakaoigeuza ikawa faida. Ukiupima kama haki ya mtu ambaye ujana wake ulitumiwa kwa bei ya chini kwa sababu sheria ilimzuia kuuza kwingine, haukuzidi kipimo. Dhuluma iliyomo si ukubwa wa fedha, bali ni kwamba mlipaji si yule aliyefaidika, na kwamba wachezaji wengi zaidi, ambao bega au goti lao huvunjika katika mwaka wa nne au wa tano, hawafiki kamwe kwenye dirisha la malipo. Hao hatuwasikii katika mabishano, kwa kuwa hawana mkataba wa kulaumiwa.

Wala si kila mkongwe aliyeharibu fedha za watu. Max Scherzer alikuwa na miaka 30 klabu ya Washington ilipompa dola milioni 210 kwa miaka saba mwaka 2015, na watu walionya kwamba mkono wa mtupaji huchoka upesi kuliko wa mpigaji. Naye akatwaa tuzo ya Cy Young, ya mtupaji bora wa ligi, mwaka 2016 na mwaka 2017, na mwaka 2019 Washington wakashinda World Series. Isitoshe, mikataba ya siku hizi imerefushwa kwa makusudi. Kodi ambayo ligi huwatoza wenye kutumia fedha nyingi huhesabiwa kwa wastani wa kila mwaka wa mkataba, hivyo klabu huzitandaza fedha zile zile juu ya miaka mingi ili wastani ushuke. San Diego ilipompa Xander Bogaerts, mwenye miaka 30, dola milioni 280 kwa miaka 11 mwishoni mwa 2022, haikutarajia kwamba akiwa na miaka 40 atakimbia kama alivyokimbia katika klabu yake ya awali, Boston. Miaka ya mwisho ni awamu za kulipia miaka ya mwanzo, na anayeipima peke yake anakosea hesabu.

Dawa, kwa maoni yangu, ni kuupunguza muda wa kungojea, ili mtu alipwe thamani yake wakati anapoitoa. Mapatano ya mwaka 2022 yalianza kuielekea haki hiyo: kima cha chini cha mshahara kikapandishwa hadi dola 700,000, na zikatengwa dola milioni 50 kwa mwaka kuwagawia vijana waliofanya vyema kabla hawajapata haki ya kudai mshahara mbele ya msuluhishi. Fedha hizo, zikigawanywa kwa klabu 30, hazifiki hata dola milioni mbili kwa kila moja. Sharti la miaka sita lilibaki palepale.