Kila Mungu na Lugha Yake

Riwaya niiandikayo imenipeleka Hattusa, mji mkuu wa Wahiti, katika nyanda za juu za Anatolia, nchi ya Uturuki ya leo. Kubuni kuta, masoko na majeshi si kazi ngumu kwa mtunzi. Dini ndiyo iliyonikwamisha, na hasa swali moja: kuhani wangu asali kwa lugha gani?

Jibu limo katika vibao vya udongo vilivyoanza kufukuliwa huko kwa maelfu mwaka 1906. Miaka tisa baadaye Bedřich Hrozný alionyesha kwamba lugha yao kuu ni jamaa ya Kigiriki na Kilatini. Neno watar, yaani maji, lilikuwa miongoni mwa yaliyompa njia. Wahiti walijivunia miungu elfu moja, wala hawakuwalazimisha miungu hao kujifunza lugha ya watawala. Mwandishi wa ibada alitoa maelekezo kwa Kihiti, na alipofika penye maneno ya kuhani alitanguliza neno kama hattili, luwili au hurlili, maana yake Kihatti, Kiluwi, Kihurri. Mpenzi wa lugha ataona kuwa -ili hiyo yafanya mwishoni kazi ifanywayo na ki- yetu mwanzoni. Lugha yao wenyewe waliiita nesili, kwa jina la mji wa Nesa. “Kihiti” ni jina tulilowabandika sisi.

Basi orodha moja nadhifu ya miungu, wote wakisemeshwa kwa lugha moja, ingemrahisishia msomaji wangu na kuiua dini yenyewe.

Kinisumbuacho zaidi ni Kihatti. Kilikuwa lugha ya wenyeji waliotangulia, na yaelekea kilikwisha kunyamaza majumbani ilhali makuhani wangali wakikitamka hekaluni. Hebu fikiri, msomaji: mtu anamsihi mungu kwa lugha ambayo hajapata kumbembelezea mwanawe.

Chukua kisa cha Telipinu. Alighadhibika, akavaa kiatu cha kulia mguu wa kushoto, akatoweka. Moshi ukajaa nyumbani, ng’ombe akamkataa ndama, shayiri ikakoma kustawi. Miungu wakubwa walimtafuta wasimwone. Nyuki ndiye aliyempata amelala, akamchoma, naye akazidi kuwaka hasira mpaka alipotulizwa kwa tambiko. Kisa tumekipata kwa Kihiti, lakini jina lake ni la Kihatti, na ndani yake mna pinu, yaani mtoto.

Sitabuni sala ya Kihatti. Kuwatilia wafu maneno vinywani ni jambo zito. Katika sura niliyomo sasa, mvulana abebaye mkate wa sadaka anamsikiliza kuhani akimwita Telipinu arejee. Haelewi kitu, ila pinu. Anageuka, akidhani ndiye aitwaye.