Nitrojeni ya Angani na Bahari Kuu: Historia ya Hesabu Iliyochelewa

Kwa muda mrefu rutuba ya bahari kuu ilielezwa kwa vyanzo viwili: maji ya vilindini yanayopanda juu na, kwa kiasi kidogo zaidi, maji ya mito. Makala haya yanafuatilia namna hewa ilivyoingizwa katika hesabu hiyo, na athari za kuchelewa kwake katika sheria na ushauri wa kisera.

Takriban asilimia 78 ya hewa ni nitrojeni, lakini mimea midogo inayoelea baharini haiwezi kuitumia ikiwa bado gesi. Sharti kwanza ibadilishwe, ama na viumbe hai wachache wenye uwezo huo, ama na radi, moto na mitambo.

Kazi ya viumbe ilionekana kabla haijaeleweka. Mwaka 1770 mabaharia wa James Cook waliona karibu na Australia utando wa kahawia juu ya maji, wakaufananisha na vumbi la mbao. Mwaka 1830 Christian Ehrenberg aliupa kiumbe huyo jina la Trichodesmium, kwa sampuli kutoka Bahari ya Shamu. Hata hivyo, ilikuwa mwaka 1961 ndipo Dugdale, Menzel na Ryther walipoonyesha, kwa vipimo vya Bahari ya Sargasso, kwamba bakteria huyo hunasa nitrojeni ya hewa. Karibu karne mbili zilipita kati ya kuona na kujua.

Historia ya mvua ni tofauti, kwa kuwa ilianzia shambani. Katika miaka ya 1850, huko Rothamsted nchini Uingereza, John Lawes na Joseph Gilbert walipima amonia katika maji ya mvua ili kujua kama mvua pekee ingetosha kuilisha ngano. Swali lao lilikuwa la mkulima, na kwa miongo mingi vipimo vilibaki nchi kavu. Wakati huohuo chanzo chenyewe kilikuwa kikipanuka. Mwaka 1909 Fritz Haber alionyesha namna ya kutengeneza amonia kutokana na nitrojeni ya hewa. Mwaka 1913 kiwanda cha Oppau, Ujerumani, kikaanza uzalishaji. Mbolea na samadi hutoa amonia inayopanda angani. Moshi wa magari na wa mitambo ya makaa ya mawe hutoa oksidi za nitrojeni, ambazo hugeuka asidi ya nitriki. Zikishikamana na chembe laini, husafiri maelfu ya kilomita. Juu ya bahari, asidi hiyo hukutana na chumvi na kugandamana na chembe kubwa zaidi, zinazoanguka upesi. Kiswahili hutenganisha vyema hatua za mwisho: chembe kavu hutua, nyingine huja na mvua.

Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970, mradi wa SEAREX ulikusanya hewa na mvua katika visiwa vya Pasifiki, kikiwamo Enewetak, mbali na viwanda. Katika Bahari ya Hindi, mradi wa INDOEX wa mwaka 1999 ulikuta ukungu wa moshi kutoka Asia Kusini ukitanda hadi ukanda wa karibu na ikweta, ambapo pepo za kaskazini hukutana na za kusini. Msimu wake ni ule wa kaskazi, upepo ambao kwa karne nyingi ulileta majahazi pwani ya Afrika Mashariki.

Mwaka 2008, Robert Duce na wenzake walikadiria kwamba nitrojeni ya angani itokanayo na shughuli za binadamu huenda ikafikia theluthi moja ya nitrojeni yote inayoingia bahari kuu kutoka nje, na kwamba rutuba hiyo huiwezesha bahari kufyonza takriban tani milioni 300 za kaboni kwa mwaka. Makadirio hayo yalivutia: uchafuzi ulionekana kulipa fidia yake wenyewe. Mwaka 2017, Tim Jickells na wenzake waliyapunguza hadi tani milioni 150, wakaongeza kwamba sehemu ya faida hiyo hupotea kwa sababu bahari iliyorutubishwa hutoa oksidi ya nitrasi, gesi inayopasha dunia joto. Walithibitisha pia kwamba wanaonasa nitrojeni wangali chanzo kikuu cha nje katika bahari kuu, ilhali ile ya nchi kavu hufika huko hasa kwa njia ya hewa. Mshauri anayenukuu takwimu ya mwaka 2008 peke yake ananukuu nusu ya mjadala.

Sheria nayo imeegemea zaidi upande wa mito. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari wa mwaka 1982 unataja mito, midomo ya mito na mabomba katika ibara ya 207. Hewa imetengewa ibara ya 212, nayo huielekeza kila nchi kutunga sheria kwa ajili ya anga iliyo chini ya mamlaka yake, na kwa meli na ndege zilizosajiliwa kwake. Moshi unaobebwa na kaskazi hausajiliwi popote, na sehemu kubwa ya nitrojeni yake huanguka mahali ambapo hakuna nchi yenye anga.