Picha ya Miraba na Kingo Zake

SOMO LA REDIO KWA MADARASA YA WATU WAZIMA

Natumaini kila mmoja ana kalamu yake na daftari lake la hesabu, lile lenye miraba. Leo tutasoma habari za picha zilizofanywa kwa miraba. Tutaona zilitoka wapi, na kwa nini huharibika mtu akizikuza ovyo.

Tuanze na jambo la hapa mjini. Ukipita Kariakoo, Dar es Salaam, utaona maduka yanayochapa picha na maneno juu ya fulana na mabango. Mteja huja na kipicha kidogo katika simu yake, naye ataka kiwe kikubwa. Tuseme mwuza viatu ana tangazo dogo la bei, lenye tarakimu za miraba: Sh. 6,000. Tangazo likakuzwa vibaya. Kingo zikafifia, na ile 6 ikafanana na 8. Mnunuzi aliyeanza kusoma juzi asimama ng'ambo ya barabara, adhani bei ni Sh. 8,000, aenda zake. Mwuzaji amekosa mteja, na mnunuzi amekosa viatu. Tofauti ya 6 na 8 ilikuwa miraba michache tu, nayo imepotea. Kwa hiyo ukali wa kingo si urembo. Ni jambo la kusomeka au kutosomeka.

Kazi ya kufanya picha kwa kuhesabu ni ya zamani sana katika pwani yetu. Utazameni mkeka wa ukindu wenye rangi. Msukaji hachori ua juu ya mkeka. Huhesabu chane: hapa nyeupe, hapa nyekundu, hapa nyeusi. Akitaka ua lililo kubwa mara mbili, je, atazivuta chane zirefuke? Hapana. Ataweka chane mbili mahali palipokuwa na moja. Ua litakua, na kingo zake zitabaki kali kama zilivyokuwa. Ikumbukeni hesabu hiyo, maana tutairudia.

Sasa tuone jinsi hesabu kama hiyo ilivyoingia katika kompyuta. Mwaka 1957, huko Marekani, mtaalamu aitwaye Russell Kirsch aliingiza picha ya mwanawe mchanga katika kompyuta. Mtambo uliigawa picha hiyo katika miraba 176 kwa upana na 176 kwa urefu. Zidisheni, mtapata miraba 30,976. Kila mraba ulikuwa mweusi au mweupe, basi. Baadaye miraba ya namna hiyo ilipewa jina la pikseli. Kila picha iliyomo katika simu zetu leo imefanywa kwa pikseli.

Kompyuta ya kwanza katika nchi yetu iliwekwa katika Wizara ya Fedha, Dar es Salaam, mwaka 1965. Kazi yake ilikuwa hesabu, si picha. Mwaka 1974 Serikali ilizuia kuingiza kompyuta kutoka nje. Zuio hilo lililegezwa baadaye, na polepole kompyuta zikafika maofisini, kisha madukani.

Wakati huo, huko Marekani, picha ndogo za miraba zilikuwa zikipata heshima yake. Mwaka 1983 Bibi Susan Kare alichora alama za kompyuta iitwayo Macintosh, iliyotoka mwaka 1984. Alianza kazi yake juu ya karatasi ya miraba, kama hiyo mliyo nayo mbele yenu. Alama moja ilikuwa na miraba 32 kwa 32, yaani 1,024. Kabla ya kazi hiyo Bibi Kare alikuwa amezoea kufuma nakshi kwa sindano na kupanga vijiwe vya rangi. Msukaji wetu wa mikeka angeielewa kazi yake mara moja.

Mwaka 2000 ikatoka simu ya Nokia 3310. Kioo chake kilikuwa na pikseli 84 kwa 48, yaani 4,032 tu. Katika nafasi hiyo ndogo ziliandikwa barua, namba za watu, na hata michezo. Kila mraba ulikuwa na kazi yake. Hakuna uliokuwa wa bure.

Basi uharibifu watoka wapi? Mwaka 1990 programu ya Photoshop ilianza kuuzwa na kampuni ya Adobe. Programu za namna hiyo zina njia zaidi ya moja ya kukuza picha. Njia ya kwanza ni kukisia. Programu huona mraba mweusi karibu na mweupe, nayo hutia rangi ya kijivu katikati. Njia hiyo yafaa kwa picha ya uso wa mtu, maana kivuli cha shavu hubadilika polepole. Lakini picha ya miraba haina polepole. Ni nyeusi au ni nyeupe. Ukitia kijivu, kingo hufifia kama wino ulioingia maji.

Njia ya pili huitwa jirani wa karibu. Programu haikisii rangi mpya. Hutazama mraba ulio karibu zaidi na kuunakili vilevile. Hii ndiyo njia ya msukaji wa mkeka.

Lakini hata njia hiyo ina sharti. Chukueni kalamu. Choreni herufi T katika miraba 3 kwa 3: tieni wino miraba yote 3 ya juu, kisha miraba 2 ya katikati chini yake. Mna miraba 5 myeusi. Sasa ikuzeni mara mbili, iwe 6 kwa 6. Kila mraba umekuwa minne, nayo miraba myeusi ni 20. T ni ileile, ila imekua.

Sasa jaribuni kuifanya 5 kwa 5. Tatu haiingii katika tano kwa hesabu kamili. Mstari wa kwanza na wa tatu utarudiwa, wa katikati hautarudiwa. Na safu nazo ni vivyo hivyo. Tazameni matokeo: kichwa cha T kina unene wa miraba 2, lakini mguu una unene wa mraba 1. Kingo ni kali, lakini umbo limepotoka. Kwa hiyo kuzeni mara 2, mara 3, mara 4, au zaidi. Msikuze mara moja na nusu.

Jambo la mwisho ni namna ya kuhifadhi. Namna iitwayo JPEG, iliyokubaliwa mwaka 1992, ilitengenezwa kwa ajili ya picha za kamera. Hupunguza uzito wa picha kwa kuacha mambo madogo madogo, na kingo huchafuka. Namna iitwayo PNG, ya mwaka 1996, huhifadhi kila mraba kama ulivyo.

Basi mkienda kuchapa fulana za timu au bango la duka, mwambieni fundi maneno matatu kabla ya kumpa fedha: tumia jirani wa karibu, kuza kwa hesabu kamili, hifadhi kwa PNG. Fulana ikiisha kuchapwa haifutiki.

MASWALI YA DARASANI
1. Msukaji hufanya nini akitaka ua liwe kubwa mara mbili?
2. Kwa nini njia ya kukisia yafaa kwa picha ya uso, nayo haifai kwa picha ya miraba?
3. Picha ina miraba 8 kwa 8. Ikikuzwa mara 3, itakuwa na miraba mingapi kwa jumla?
4. Andikeni tarakimu 6 na 8 kwa miraba. Hesabuni miraba inayozitofautisha.