Demani na Wavuvi wa Ngalawa

Neno "demani" lina maana mbili katika Kiswahili: ni kamba ya kuongozea tanga, na pia ni msimu wa kusi ya upole, tangu mwisho wa Agosti hadi Novemba hivi. Katika Kiajemi, "daman" ni pindo la nguo. Kamba hiyo hufungwa kwenye pembe ya chini ya tanga. Msimu nao una pindo lake, kusi inapokwisha nguvu. Ushahidi huu si kamili, lakini waelekea ukweli kuliko kudhani kwamba maana hizo zimekutana kwa bahati tu.

Historia ya misimu ya pwani imeandikwa zaidi kwa hesabu ya majahazi: kaskazi kuleta vyombo, kusi kuvirudisha Arabuni. Kwa hesabu hiyo demani ni masalio tu. Sivyo kwa mvuvi wa ngalawa. Kusi kali ya Juni na Julai humfungia ndani ya mwamba, atege dema na kuvua changu; demani ifikapo bahari hutulia, naye huvuka mlango wa mwamba kumfuata nguru.

Kazi hiyo ni kongwe. Periplus, kitabu cha Kiyunani cha karne ya 1, chataja katika kisiwa cha Menouthias mitumbwi ya gogo moja ya kuvulia samaki na kasa, na vikapu vilivyotegwa milangoni mwa maji. Mirengu ya ngalawa hakiitaji.

Biashara ya majahazi ya misimu ilififia katika karne ya 20. Wavuvi hawakuacha kuhesabu demani.